Siku saba za mwanzo: kaunti inavyoukabili mkurupuko wa kipindupindu Mombasa

Siku ambayo wakuu wa afya husimama mbele ya vipaza sauti na kutangaza kwamba kipindupindu kimeingia Mombasa, ugonjwa wenyewe huwa umekwisha kutembea mitaani siku kadhaa. Umepita kwenye mtungi wa maji, kwenye sinia la pilau, kwenye kiganja cha mama aliyemsafisha mtoto wake kisha akarudi jikoni. Makala haya yanahusu siku hizo zisizotangazwa: kile ambacho serikali ya kaunti hufanya, au inapaswa kufanya, tangu mgonjwa wa kwanza anapoanza kuharisha hadi wiki moja baada ya habari zake kufika ofisini. Nimechagua kipindupindu kwa sababu ndicho kinachoadhibu ucheleweshaji upesi kuliko magonjwa mengi tunayoyajua hapa Pwani. Dengue na chikungunya, ambazo nazo zimekwisha kuuzuru mji wetu, angalau humpa mtu muda wa kufikiri.

Tuanze na suala la kazi hii ni ya nani, maana wananchi wengi bado huitazama Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeipa serikali ya kaunti huduma za afya za kaunti, na chini yake zimo zahanati na hospitali za kaunti, ambulensi, leseni za wanaouza vyakula kwa umma, uzoaji wa taka na hata makaburi. Serikali ya kitaifa imebaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, na ndiyo inayosimamia pia afya ya bandarini na kwenye uwanja wa ndege. Kwa mji kama Mombasa mgawanyo huu una maana kubwa. Baharia anayeugua melini Kilindini hukutana kwanza na afisa wa serikali ya kitaifa, lakini hamali aliyepanda kushusha shehena katika meli hiyo hurudi kulala Likoni au Changamwe, na akiugua huko ni mgonjwa wa kaunti. Kama maafisa wa pande hizi mbili hawapigiani simu siku hiyo hiyo, kila upande utakuwa na nusu ya habari.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, anayeingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kumeza. Wengi wa wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, ilhali choo chao kinaendelea kutoa vimelea. Wachache wanaozidiwa wanaweza kupoteza hata lita 1 ya maji kwa saa, wakafa kabla jua halijatua. Na hapo ndipo penye uchungu, kwa kuwa tiba yenyewe ni nyepesi: mgonjwa akirudishiwa maji na chumvi mapema, vifo huwa chini ya asilimia 1. Anayekufa kwa kipindupindu karibu kila mara amekufa kwa kuchelewa.

Mombasa ina sababu zake za kuwa na hofu zaidi. Maji ya mfereji yanayotufikia hutoka nje ya kaunti yetu, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na hayatoshi. Mifereji inapokauka, watu hurudi kwenye visima na kwenye mikokoteni ya mitungi ya lita 20, ambayo mnunuzi hajui imejazwa wapi. Ardhi yetu nayo ni ya mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo, na juu yake tumechimba vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu bega kwa bega na visima. Masika inapopiga, choo na kisima huwa majirani wasio na ukuta kati yao. Maji yanayotoka kisimani bado yatakuwa maangavu na baridi, na mwenye nyumba ataapa kwamba babu yake aliyanywa miaka yote bila kuumwa. Pengine ni kweli. Lakini enzi za babu yake mtaa ule ulikuwa na nyumba chache na vyoo vichache zaidi.

Kipimo kinachotumiwa sasa katika nchi nyingi kupima uharaka wa serikali ni cha tarakimu tatu, 7-1-7: siku 7 kuugundua mkurupuko tangu ulipoanza, siku 1 kuwaarifu wenye mamlaka ya afya, na siku 7 kukamilisha hatua za awali za kuukabili. Kwa maoni yangu, ile 7 ya kwanza ndiyo inayotushinda. Magari, dawa na maafisa vinaweza kupatikana kwa siku moja pakiwa na nia, lakini hakuna gari linaloweza kwenda kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyesema kwamba yupo.

Anayemwona mgonjwa kwanza mara nyingi ni mwenye duka la dawa la mtaani. Mtu anaamka usiku, anaharisha mara tatu, asubuhi anamtuma kijana akanunue vidonge vya kufunga tumbo. Vidonge hivyo havifai kwa kipindupindu, na muuzaji anayeviuza kwa watu wanne wa mtaa mmoja asubuhi moja ana habari mkononi ambayo ofisi nzima ya ufuatiliaji wa magonjwa haina. Hatua ya kwanza ya kaunti iliyojiandaa, basi, hufanyika kabla ya ugonjwa: ni kuhakikisha kwamba wauza dawa, walimu wa shule na madrasa, na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hushughulikia kaya takriban 100, wanajua la kuangalia na wa kumpigia simu. La kuangalia si gumu. Pale ambapo mkurupuko haujathibitishwa, mtu yeyote wa miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji ghafla hadi akapungukiwa sana na maji mwilini, au akafa kwa kuharisha huko, anashukiwa kuwa na kipindupindu. Choo chake mara nyingi hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Mmoja anatosha kuripotiwa.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza tangu mwaka 1921, inamlazimu daktari kutoa taarifa, na inamlazimu pia mkuu wa nyumba yenye mgonjwa. Ila sheria hiyo hiyo imetuachia urithi mgumu. Wazee wetu wangali wanamwita afisa wa afya ya umma Bwana Afya, na jina hilo halikuzaliwa kwa mapenzi: Bwana Afya alikuja kukagua choo, akaandika, akampeleka mtu mahakamani. Mama ntilie anayehofia kufungiwa kibanda hatasema kwamba mpishi wake anaharisha. Afisa anayetaka kuambiwa ukweli katika siku ya kwanza lazima aanze kwa kuuliza hali ya mgonjwa, na faini aiweke mbali na mdomo wake.

Habari ikifika, kikosi cha kaunti ndogo kinapaswa kuwa mlangoni ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka kinaweza kutoa dokezo kwa dakika chache, lakini uthibitisho hutoka maabara, ambako sampuli ya choo huoteshwa kwa siku mbili au tatu. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko penginepo: jibu la maabara ni la kuuthibitisha mkurupuko, wala halipaswi kuwa ruhusa ya kuanza kazi. Kutibu maji, kugawa chumvi ya kuchanganya na maji na kuwauliza majirani hali zao ni mambo yasiyomdhuru mtu hata kama jibu litarudi kusema siyo. Kusubiri ndiko kunakodhuru.

Wakati sampuli iko njiani, afisa hufungua daftari la wagonjwa: umri, jinsia, mtaa, siku ya kuanza kuugua, maji aliyokunywa, alichokula na alikokula. Daftari hili huonekana kama kazi ya karani, na huachwa nyuma kila mambo yakichacha, ilhali ndilo linaloonyesha chanzo. Tuseme wagonjwa saba wamepatikana, wawili Mishomoroni, watatu Kongowea na wawili ng'ambo Likoni. Hawana kisima kimoja, hawana mwuza maji mmoja. Daftari likionyesha kwamba wote walikuwa kwenye arusi moja Jumamosi, kazi imebadilika: sasa wanatafutwa wageni waliorudi Kilifi na Kwale, na kaunti hizo zinaarifiwa usiku huo huo. Haya si mambo ya kufikirika. Mkurupuko uliotangazwa Kenya mnamo Oktoba 2022 ulihusishwa na sherehe ya harusi huko Limuru, kaunti ya Kiambu, na wagonjwa wakaonekana baadaye katika kaunti nyingine. Kinyume chake, wagonjwa wakiwa wa uchochoro mmoja, basi afisa afuate mkokoteni mpaka unakojazwa.

Matibabu hayana haja ya jengo la kifahari. Vinahitajika vituo vidogo mitaani ambapo mtu anaweza kupata maji ya chumvi na sukari bila kupanga foleni hospitalini, na sehemu iliyotengwa katika kituo kikubwa zaidi kwa wanaohitaji dripu. Kabla ya kufika huko, nyumbani mtu anaweza kuchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, na kumnywesha mgonjwa kidogo kidogo hata akitapika. Anyweshwe wakiwa njiani kuelekea kituoni. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kuhusu maji, kosa la kawaida ni kufunga kisima kwa utepe na kuondoka. Watu hawaachi kunywa kwa sababu ya utepe. Watakwenda kisima cha pili, ambacho huenda ni kibaya zaidi. Anayefunga kisima alete boza la maji siku hiyo hiyo. Njia nyingine, ambayo mimi naiona bora katika mitaa yetu, ni kumweka kijana aliyefunzwa kando ya kisima, akiwa na bomba la sindano, atie kipimo cha klorini ndani ya kila mtungi unaojazwa. Kumwaga klorini kisimani mara moja hufanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani maji mapya huingia kila saa. Watu watalalamikia harufu, na waelezwe kwamba harufu hiyo kidogo ndiyo dalili kwamba dawa bado ingalimo. Nyumbani, kuyachemsha maji mpaka yatokote kunatosha, ingawa kwa bei ya makaa ya leo hilo ni rahisi kulisema kuliko kulifanya.

Kuna pia hatua zinazopendwa kwa sababu zinaonekana. Mwaka 2020, wakati wa korona, kivukoni Likoni paliwekwa kibanda cha kuwanyunyizia abiria dawa wakipita. Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba kumnyunyizia mtu dawa hakupendekezwi kwa hali yoyote ile. Katika kipindupindu, kinachoshabihiana na hicho ni magari ya kupulizia barabara na kuta. Kipindupindu hakikai ukutani. Fedha hizo zingenunua klorini na sabuni.

Jambo linalohitaji heshima ya pekee ni maiti. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu huendelea kutoa majimaji yenye vimelea, na kwetu sisi josho la maiti ni haki ya marehemu isiyofutwa kwa barua ya afisa. Kaunti inayoamuru tu kwamba maiti asioshwe itazikiwa watu usiku wa manane. Njia iliyo salama ni kukaa mapema na maimamu na wanaoosha maiti, kuwapa glavu, aproni na maji yenye klorini, kukubaliana waoshaji wawe wachache, maji ya josho yamwagwe panapofaa, na wao wasiandae wala kupakua chakula cha matangani. Chakula chenyewe cha matanga ni bora kiahirishwe. Mazungumzo kama hayo yanahitajika na makanisa pia.

Imani ya watu hujengwa katika siku hizi za mwanzo, au huvunjwa. Mwaka 2020 watu waliotakiwa kuingia karantini waliambiwa hapo mwanzo wajilipie gharama, na haishangazi kwamba wengi waliiogopa karantini kuliko korona. Mji wa Kale ulipofungwa Mei mwaka huo, hofu hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Kwa hiyo tangazo la kwanza la kaunti liseme mambo matatu bila mapambo: ni mitaa gani, watu wafanye nini leo, na kwamba matibabu hayatamfilisi mtu. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Fedha zisiwe kisingizio. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura inayoweza kutumika kwanza, na idhini ya bunge la kaunti ikaombwa ndani ya miezi 2 baada ya malipo. Chanjo ya kipindupindu, ambayo ni ya kunywa, huombwa kupitia serikali ya kitaifa kutoka akiba ya dunia, na tangu Oktoba 2022 akiba hiyo ilikuwa haba kiasi kwamba mikurupuko ilianza kukabiliwa kwa dozi 1 badala ya 2. Kaunti isiyo na maji safi haiwezi kuitegemea peke yake.

Baada ya siku ya saba, kazi huendelea bila kelele. Mkurupuko hauhesabiwi kuwa umekwisha mpaka zipite angalau wiki 4 mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa, huku wanaoharisha wakiendelea kupimwa wote. Mahema huwa yameng'olewa na waandishi wa habari wamehamia kwingine, lakini yule kijana mwenye bomba la sindano bado yuko kisimani, akihesabu mitungi.