Kitoto hakitatapika, utatapika wewe

Juzi shemeji yangu wa Muscat kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Desemba wanapanda meli ya utalii kutoka Dubai, wiki nzima, baba, mama na watoto wawili, na swali lake ni moja tu: huyu mdogo wa miezi 14 apewe dawa gani asitapike? Sikumjibu pale pale. Nilibandika chai kwanza. Miaka sita nimekuwa muuguzi kwenye meli za aina hiyo, na swali hili nimeulizwa zahanati, nimeulizwa kwenye lifti, nimeulizwa nina sahani ya wali mkononi.

Nalijibu hapa, mtumiane.

Mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra sana kulewa bahari. Wanaolewa hasa ni wale wa miaka 6 hadi 12 hivi, na mama zao. Nimewahi kuitwa kabini usiku, meli inakwenda mrama, nikamkuta baba kajilaza mlangoni mwa choo, mama kakumbatia ndoo, binti wa miaka minane analia arudishwe kwao, na kitoto kimekaa katikati yao kinatafuna biskuti.

Maelezo ya vitabuni ni kwamba sikio la ndani linaripoti kuyumba, macho yanaona kuta za kabini zimetulia, ubongo unashindwa kuamua nani mkweli. Mtoto mchanga, wanasema, bado hajajua kuzilinganisha habari hizo mbili. Huwa nawaambia wazazi hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Ukinibana, nitakiri kuwa ni nadharia, na hata sijaridhika kwa nini ubongo ukishachanganyikiwa ulipize kisasi kwa tumbo.

Kinachoniudhi si swali, ni chupa. Mnaijua: dawa ya maji ya promethazini, ile ambayo kwetu mtoto hupewa kijiko kabla ya basi la usiku ili abiria wengine wapumzike. Dawa hiyo haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Si "ipunguze", si "nusu kijiko". Haipewi, kwa sababu inaweza kufifisha pumzi mpaka ikakatika. Usingizi mnaoufurahia ndio dalili ninayoiogopa. Mama mmoja aliniletea mtoto "kalala vizuri mno". Tulimfunga kipimo cha oksijeni kidoleni na nikakesha naye nikihesabu pumzi hadi alfajiri, alipoamka akidai maziwa. Mama akacheka. Mimi sikucheka. Halafu wako watoto ambao dawa za jamii hiyo huwapandisha wazimu badala ya kuwalaza, wakaruka kitandani hadi saa nane za usiku, na hao mzazi haniletei, ananilaumu tu.

Vibandiko vya dawa ya kutapika vinavyobandikwa nyuma ya sikio navyo ni vya watu wazima. Usimgawie mtoto.

Wengine husema, mbona makampuni mengi hayapokei mtoto wa chini ya miezi 6, au 12 kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu? Si kwa ajili ya kutapika. Ni kwa sababu zahanati yetu ni ndogo, daktari wa watoto hayupo, na bandari inaweza kuwa mbali siku kadhaa.

Sasa kabini. Watu hulipia zaidi wakae juu kabisa, karibu na omo, yaani mbele ya meli, waone bahari. Chukua ubao, weka gogo chini katikati, bembea: nani anapanda na kushuka? Wa mwishoni. Kaa katikati ya meli, ghorofa za chini. Usiniambie meli za siku hizi zina mapezi ya kuzituliza; mapezi yanapunguza kulala ubavu huu na huu, ila omo likipanda wimbi na kulishuka, hayasaidii kitu cha maana. Ghuba mara nyingi imetulia, kweli, lakini upepo wa shamali wa majira ya baridi ukivuma huinua mawimbi mafupi yenye hasira.

Mtoto mkubwa, kama yule binti wa miaka minane, mpeleke nje sitahani aangalie upeo wa macho, mnyang'anye simu, mpe mkate mkavu kidogo kidogo. Tangawizi? Bangili za kubana kifundo cha mkono? Ushahidi wake ni mwepesi. Nimezigawa nyingi, na waliopona sijui walipona kwa bangili au kwa kuwa bahari ilitulia.

Mengine kwa haraka. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, maana jeli ya mikono haivitishi sana virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha. Mtoto wa nepi meli nyingi hazimruhusu bwawani, hata nepi iwe ya kuogelea. Jaketi okozi la mtoto huchaguliwa kwa kilo na kimo, wala si kwa umri. Dai lake siku ya kwanza.

Haya yote nilimpigia shemeji nikamwambia. Akanisikiliza kwa adabu, akanyamaza, kisha: "Shukrani, dada. Ila kabini tumeshailipia. Ghorofa ya 14, mbele kabisa."