Dokta asolala si shujaa
Hapa Unguja utaskia barazani watu na vikombe vya kahawa, "dokta yule yuko zamu toka jana, huyo ndo dokta khasa!" Mie pia nikisema hivo hivo. Lakini usingizi haujui koti jeupe. Mwaka 1997 watafiti Australia walipima wakaona mtu alokesha masaa 24 utendaji wake unashuka kama wa mlevi, na 2004 kule Boston madokta wa mwaka wa mwanzo walokuwa wakipigishwa zamu za masaa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi kuliko walopunguziwa, mengine ya dawa khasa. Kwa hiyo ukimkuta nesi kajinyoosha kidogo usiku na mwenzake yuko wodini, usimpige picha ati mvivu (afadhali huyo kuliko anaekudunga sindano huku anasinzia).