Presha haitenganishi kitu

Kromatografia ya kimiminika ni njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Mchanganyiko unabebwa na kimiminika ndani ya kolamu iliyojazwa chembe. Vinavyoshikana sana na chembe hizo huchelewa, visivyoshikana nazo hutangulia kutoka. HPLC, kifupi cha Kiingereza cha kromatografia ya kimiminika yenye ufanisi wa juu, ni hiyohiyo, ila chembe ni ndogo na pampu ina nguvu.

Kwenye pampu ndipo watu wanapopotea. Kila mafunzo ya maabara hakosi mtu wa kueleza kwamba presha ndiyo inayochambua dawa, eti presha ya bar 400 huchambua vizuri kuliko 200. Jamani, presha inasukuma tu.

Mwaka 1941, Uingereza, wanasayansi Martin na Synge waliandika kwamba utenganishaji bora ungepatikana kwa chembe ndogo sana na tofauti kubwa ya presha kati ya ncha mbili za kolamu. Wengi wameshika hilo la pili, la kwanza wakalisahau. Molekuli ikizama ndani ya chembe, wenzake wanaendelea mbele. Safari hiyo ya kuingia na kutoka ikiwa ndefu, kundi linatawanyika, na kilele chake kwenye grafu inayochorwa na mashine kinatanuka hadi kumpanda jirani. Chembe ndogo hufupisha safari. Ila nazo hujibana, kimiminika kinapita kwa taabu kama maji kwenye udongo wa mfinyanzi, ndiyo maana tunaweka pampu. Punguza kipenyo cha chembe kwa nusu, mwendo na urefu wa kolamu vikibaki vilevile: presha inapanda mara 4.

Asiyeamini amtazame Csaba Horváth, Mhungaria aliyeondoka kwao baada ya maasi ya 1956, akapata udaktari Frankfurt, kisha akafanya kazi Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake Preiss na Lipsky walitenganisha nyukleotidi, yaani vijenzi vya DNA na RNA, kwa shanga za kioo ambazo, kwa vipimo vya leo, ni kubwa mno. Siri ilikuwa juu ya shanga hizo: utando mwembamba wa resini ya kubadilishana ioni, yaani chembechembe zenye chaji. Kioo hakipenyeki, kwa hiyo molekuli iliishia kwenye utando na kurudi upesi. Alichofupisha Horváth ni safari, bila hata kusaga chembe. Pampu alikuwa nayo, ya kusukumia.

Ajabu ni kwamba huyuhuyu ndiye aliyeleta kifupi HPLC, mwaka 1970, P ikisimama kwa presha (pressure). Baadaye ikasomwa ufanisi (performance), lakini mazoea yalishakaa.

Basi ukiulizwa kolamu yako ina uwezo gani, anza na ukubwa wa chembe na jinsi vilele vinavyoachana. Namba ya bar itaje mwishoni, kama gharama. Na ikipanda ghafla katikati ya kazi usifurahi, kaangalie chujio: huenda limeziba, au chumvi ya bafa, kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi, imeganda kwenye neli.