Makato ya kadi kwenye bakshishi: dhana potofu na ukweli wake

Mteja akiacha bakshishi kwa kadi, kampuni inayochakata malipo hukata ada kwenye jumla yote, bili pamoja na bakshishi. Fedha ni ya mhudumu, ila makato anabeba mwenye biashara. Kwenye migahawa, baa na saluni ndogo za Marekani jambo hili limezaa ushauri wa kila aina: mwingine wa maana, mwingine wa kumfikisha mtu mahakamani.

"Bakshishi ndizo zinazonimaliza"

Piga hesabu kwanza. Tuchukue kiwango cha asilimia 2.6 na senti 10 kwa kila muamala. Bili ya dola 50 peke yake inakatwa dola 1.40. Mteja akiongeza bakshishi ya dola 10, makato yanafika dola 1.66. Kwa hiyo bakshishi imekugharimu senti 26 tu, maana zile senti 10 ungezilipa hata asingeacha kitu. Biashara inayopitisha bakshishi za dola 8,000 kwa mwezi hulipa dola 208 kwa ajili yake, yaani 2,496 kwa mwaka. Si hela ya kudharau, lakini mara nyingi uvujaji mkubwa uko kwingine kwenye stetimenti ileile ya kampuni ya malipo.

"Namkata mhudumu, yameisha"

Sheria ya shirikisho inaruhusu, kwa masharti. Unaweza kukata asilimia ileile unayotozwa na kampuni kwenye bakshishi, basi. Ukitozwa asilimia 2.6, huwezi kukata 4 ukasema ni gharama za ofisi. Makato hayaruhusiwi kumshusha mfanyakazi chini ya kima cha chini cha mshahara. Bakshishi yake lazima alipwe siku ya mshahara ya kawaida, hata kama kampuni ya kadi bado haijakuingizia fedha.

Tena hiyo ni shirikisho tu, na majimbo yana yao. California inakataza kabisa: kifungu cha 351 cha sheria yake ya kazi kinataka mfanyakazi apewe bakshishi yote iliyoandikwa kwenye kadi, bila makato ya ada. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kugusa senti. Na hata pale inaporuhusiwa, pima kama dola 208 zina thamani ya wahudumu wenye kinyongo. Mhudumu mzuri akiondoka, kumtafuta na kumfundisha mwingine kunakula zaidi ya hapo.

"Ada ni ada, hakuna cha kujadili"

Hapa ndipo penye fedha. Makato unayoyaona ni mafungu matatu: la benki iliyotoa kadi, la mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na la kampuni yako ya malipo. Mawili ya kwanza huwezi kuyagusa. La tatu linajadilika, na linajadilika zaidi ukienda na namba mkononi.

Chukua stetimenti za miezi mitatu. Jumlisha kila kilichokatwa: asilimia, ada za mwezi, kodi ya mashine, na ile faini ya kutojaza dodoso la usalama wa kadi la PCI, ambayo watu huilipa mwaka mzima bila kuiona. Gawa kwa mauzo yote ya kadi, bakshishi zikiwemo, kisha zidisha kwa 100. Hicho ndicho kiwango chako halisi. Ukiahidiwa 2.6 na hesabu ikaonyesha 3.4, tafuta kinachosababisha tofauti kabla ya kuanza kulaumu bakshishi.

Halafu angalia aina ya bei. Kwenye bei moja kwa kadi zote, kadi ya debiti inakatwa sawasawa na ya mkopo, ingawa kwa kampuni gharama zake haziko karibu hata kidogo. Kwa debiti za benki kubwa, zenye mali ya dola bilioni 10 au zaidi, kikomo cha fungu la benki kilichowekwa mwaka 2011 ni senti 21 na asilimia 0.05 ya muamala, pamoja na senti 1 ya kuzuia ulaghai kwa benki inayostahili. Kwenye muamala wa dola 60 fungu hilo ni senti 25, na bakshishi ya dola 10 imeliongezea nusu senti. Ukiwa na bei inayokuonyesha gharama halisi ya kila kadi kisha nyongeza ya kampuni, unafuu huo unakufikia. Ukiwa na bei moja, unabaki kwa kampuni.

Usikimbilie kuhama, lakini. Kwenye muamala wa dola 5, kikomo kilekile kinatoa zaidi ya senti 22 kabla ya kuongeza mafungu mengine mawili, wakati bei moja ya mfano wetu ingekata senti 23. Duka la kahawa lenye wateja wengi wa debiti na bili ndogo linaweza kujikuta limehama kwenda kwenye hasara. Na usisaini mkataba mrefu wa kukodi mashine. Kuinunua ni nafuu karibu kila mara.

"Mashine haina uhusiano na gharama"

Inao. Anayetoza bili kisha akatoza bakshishi kama muamala wa pili analipa zile senti 10 mara mbili. Weka mashine iulize bakshishi kabla mteja hajagusisha kadi, ili idhini itoke kwa jumla kamili. Hili ni la lazima kwa debiti yenye namba ya siri, kwa sababu muamala ukishaidhinishwa hivyo hauongezwi tena.

Mkiandika bakshishi kwenye risiti na kuiingiza baadaye, iingizeni kabla bechi ya siku, yaani miamala yote inayotumwa pamoja kwa malipo, haijafungwa. Mgahawa unaofunga saa 5 usiku upange mashine ifunge bechi saa 8 usiku, siyo saa 6, mhudumu wa mwisho apate nafasi ya kuingiza zake. Bechi ikichelewa siku kadhaa, muamala unaweza kushushwa daraja na kutozwa kiwango cha juu zaidi.

Hakikisha pia namba ya aina ya biashara uliyosajiliwa: 5812 kwa mgahawa, 5813 kwa baa, 5814 kwa vyakula vya haraka, 7230 kwa saluni na vinyozi. Namba isiyo yako inaweza kukupa viwango visivyo vyako, na hata kukunyima ruhusa ya kuongeza bakshishi baada ya idhini.

"Naongeza asilimia 3 kwa kila kadi"

Kwa kila kadi, hapana. Kanuni za mitandao ya kadi zinakataza nyongeza kwenye debiti, hata ikipitishwa kama ya mkopo. Connecticut na Massachusetts zinakataza nyongeza yenyewe. Punguzo kwa anayelipa taslimu lina usumbufu mdogo zaidi. Kugeuza bakshishi kuwa ada ya huduma ya lazima nako hakuokoi kitu: kadi inakatwa vilevile, na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, huihesabu fedha hiyo kuwa mshahara, siyo bakshishi.

"Bakshishi za kadi zinaniongezea kodi tu"

Fomu ya 1099-K, ambayo kampuni ya malipo huripotia IRS fedha ulizopokea kwa kadi, huonyesha jumla ghafi, bakshishi zikiwemo, na asiyezitenganisha kwenye vitabu huziona kama mauzo yake. Ziandike kama deni kwa wafanyakazi, na makato ya kadi kama gharama ya biashara. Kisha muulize mhasibu wako kuhusu Fomu 8846. Mwajiri wa mgahawa, na kuanzia mwaka wa kodi wa 2025 hata wa saluni, anaweza kudai nafuu ya asilimia 7.65 aliyolipia bakshishi kama kodi ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya serikali), ukiondoa sehemu inayohesabiwa kufikisha kima cha chini cha mshahara. Asilimia hiyo ni karibu mara tatu ya makato ya kadi tuliyoanza nayo.