Taa inapepesa mara ngapi kwa sekunde?

Giza likiingia, meza yangu hapa Kirumba hujaa taa za wavuvi wa dagaa. Juzi mmoja akanitolea yake: "Fundi, hii inaniumiza macho usiku kucha, na ukiitazama haizimiki hata kidogo."

Nikatikisa vidole mbele ya mwanga. Vilionekana vimekatika vipande vipande, kama mikono kadhaa. Basi inapepesa, ila kwa kasi inayolishinda jicho.

Oskiloskopu, mashine inayochora mawimbi ya umeme, sina. Nina mita ya kawaida ya umeme yenye alama ya Hz (yaani mara ngapi kwa sekunde) na kipande cha sola nilichong'oa kwenye kalkuleta mbovu. Nyaya zake mbili zinaingia kwenye mita, na katikati yake nimebandika resista ya kilo-omu 10. Bila hiyo, mwanga mkali huishibisha sola na mipepeso haionekani vizuri. Wengi hukimbilia LDR, resista inayobadilika kwa mwanga. Mimi siipendi: inachelewa kusahau mwanga, taa ishazima, yenyewe bado inaota.

Nikaisogeza sola karibu na taa. Mita ikasoma 100. Nikafurahi, halafu nikaifunika taa ya mvuvi kwa kitambaa. Bado 100! Nilikuwa napima taa ya dukani. Umeme wetu wa gridi ni mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya aina ile hung'aa kila nusu mzunguko, kwa hiyo mara 100. Nikaizima hiyo ya dukani, nikaifunua ya mvuvi, nikarudishia mlango, mita ikatulia kwenye 122.

Mipepeso ya polepole, kama indiketa ya bajaji, usiipe mita hii. Itakuonyesha sifuri au namba za kurukaruka. Shika saa ya simu, ila mweko wa kwanza uuite "sifuri", maana unachohesabu ni nafasi kati ya mweko na mweko. Ukifika 20 kwa sekunde 14, hiyo ni kama 1.4. Ukianza na "moja" utajidanganya, na nimeshawaona mafundi wazoefu wakijidanganya hivyo.

Tukarudi kwenye taa. Nikabonyeza swichi kuongeza mwanga hadi mwisho: mita ikasoma sifuri, na vidole havikukatika tena. Kumbe inapepesa kwenye mwanga mdogo tu, ambao sakiti huupata kwa kuwasha na kuzima haraka haraka.

"Kwa hiyo haijaharibika?"

"Haijaharibika, kaka. Unabania betri."