Seli zilizozeeka, donda ndugu na saratani

Seli iliyozeeka haijafa. Ipo hai na inamwaga kemikali, ila haigawanyiki tena. Mwaka 1961 wanasayansi Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Telomea, yaani ncha za kromosomu, hupungua kila seli zinapogawanyika. Umri si sababu pekee: mionzi, sukari kuzidi mwilini au DNA kuharibika huzeesha seli hata za kijana.

Kukoma huko ni kinga, kwa kuwa seli yenye DNA mbovu isiyogawanyika haizai saratani.

Sasa mchukue abiria wa bodaboda Kampala aliyeunguzwa mguu na ekzosi. Baada ya siku chache seli zilizozeeka hujitokeza kwenye kidonda, nazo husaidia: hutoa protini zinazoharakisha kidonda kufunga. Panya walioondolewa seli hizo walichelewa kupona. Kazi ikiisha, kinga ya mwili huziondoa.

Zisipoondolewa, mambo hugeuka. Kwa mgonjwa wa kisukari hurundikana kwenye kidonda cha mguu, zikimwaga vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni mpya, yaani protini inayoshikilia ngozi, na kemikali zinazofanya kidonda kiendelee kuvimba. Nyama inajengwa huku inabomolewa. Ndiyo maana mafuta ya kupaka, hata yale yanayosifiwa sana sokoni, hayafui dafu ikiwa sukari haijashushwa na mguu haujapumzishwa.

Kemikali hizohizo huweza kuchochea seli jirani ambazo tayari zina kasoro zigeuke saratani. Kidonda kuvimba kwa muda mrefu nako huchangia, kwa hiyo lawama zote tusizitwishe seli zilizozeeka. Kidonda au kovu la moto la miaka mingi huweza kugeuka saratani ya ngozi, iitwayo kidonda cha Marjolin. Hata kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Buruli hapa Uganda, kinasababishwa na bakteria, lakini kovu lake likikaa miaka huweza kufikia huko.

Dawa za kuua seli zilizozeeka, kama dasatinibu ikichanganywa na kwesetini, bado zinajaribiwa, usizinunue mtaani. Lakini kidonda cha zamani kikianza kuota nyama pembeni, kunuka kupita kawaida au kuvuja damu, omba kikatwe kipande kipimwe. Saratani ikionekana, Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo Mulago.