Ukuta unaotoa chumvi usiupake rangi, tafuta kwanza maji yanaingilia wapi

Picha ninayotumiwa kuliko zote kwenye hii kazi ya ukarabati wa nyumba ni ya ukuta uliobanduka rangi huku chini, na swali lake ni lilelile, fundi nipake rangi gani ambayo haitabanduka tena. Jamani hiyo rangi haipo. Unaweza ukanunua ya bei kubwa kuliko zote dukani, ukapiga koti tatu, ukuta ukapendeza kweli kweli, alafu baada ya miezi kadhaa malengelenge yanarudi palepale, manake ulichotibu ni rangi wakati mwenye shida ni maji yaliyomo ukutani, na mpaka ujue yanaingilia wapi hela yako inapotea bure. Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu linawahusu wote wanaopenda kujifanyia wenyewe marekebisho nyumbani, iwe koki, choo, umeme au nyufa, kote huko ukianza na chanzo kazi inakuwa ndogo na ukianza na dalili utairudia.

Ngoja nianze na kinachotokea humo ndani ya ukuta. Tofali, mchanga na saruji vyote vina chumvichumvi ndani yake, na udongo nao una zake. Maji yakipita humo yanaziyeyusha yanatembea nazo mpaka usoni mwa ukuta, pale usoni maji yanakauka yanaenda hewani ila chumvi yenyewe haiendi popote, inabaki hapo. Ndo ule unga mweupe unaouona. Sasa ikiganda nyuma ya rangi inajenga fuwele, zile fuwele zinakua, na zikikua zinasukuma, zinaanza na rangi alafu zinahamia kwenye plasta mpaka siku unagonga ukuta na kifundo cha kidole unasikia mlio wa utupu. Ukisikia mlio huo ujue plasta hapo imeshaachana na tofali, hata ukiipaka nini haishiki tena, inabidi itolewe.

Kutafuta chanzo unaanza na macho tu, huhitaji kifaa. Angalia doa liko wapi na lina umbo gani. Likiwa ni mkanda umeanzia sakafuni umepanda karibu usawa mmoja kwa urefu wa ukuta, na kwa kawaida hauzidi mita moja au moja na nusu hivi, hayo ni maji yanapanda kutoka ardhini. Doa la peke yake katikati ya ukuta, hasa kama upande wa pili kuna bafu au jiko, mimi hapo nashuku bomba. Likianzia juu kwenye kona ya dari likashuka, kapande ukaangalie paa na mfereji wa maji ya mvua, mara nyingi utakuta majani yameziba na maji yanafurika yanarudi ukutani. Alafu kuna ule weusi wa ukungu nyuma ya kabati au kwenye kona ya chumba ambacho madirisha hayafunguliwi, hauna unga mweupe, huo mara nyingi ni mvuke wenu wenyewe wa kupika na kuoga na kuanika nguo ndani, ukikutana na ukuta wa baridi unageuka maji.

Kama bado huna uhakika kama ni mvuke au ni maji ya ukutani, kuna jaribio rahisi ambalo nalipenda sana. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, saizi ya karatasi ya kuandikia inatosha, kausha uso wa ukuta na kitambaa, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite, kiache siku moja au mbili. Ukirudi chungulia unyevu uko upande gani. Ukiwa juu ya nailoni, upande unaotazama chumba, tatizo ni mvuke, dawa yake ni hewa, fungua madirisha, sogeza kabati kidogo kutoka ukutani. Vitone vikiwa chini ya nailoni, kati yake na ukuta, maji yanatoka humo ukutani na hapo utaendelea kutafuta. Kwa upande wa bomba, mita ya maji inakusaidia, isome usiku watu wakishalala na koki zote zimefungwa na hakuna tangi linalojaza, isome tena asubuhi kabla hajaoga mtu. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja.

Maji yanayopanda kutoka ardhini ndo yanawatisha watu kuliko yote, wanauziwa na madawa ya kila aina, lakini kabla hujanunua dawa toka nje uzunguke nyumba. Juu ya msingi kwa kawaida kunawekwa tabaka la kuzuia unyevu, nailoni nzito au lami, mafundi tunaliita DPC, na ardhi ya nje inatakiwa ibaki chini ya tabaka hilo kwa angalau milimita 150. Ninachokikuta mara kwa mara ni watu wamejaza udongo wa maua, au wamemwaga zege la kibaraza jipya, wamelipita lile tabaka kwa juu, kwa hiyo maji yanaruka kizuizi yanaingia tofalini moja kwa moja. Chepeo na nusu siku ya jasho inaweza ikamaliza shida ambayo imekula rangi miaka na miaka. Hakikisha pia ardhi inateremka kutoka kwenye nyumba isiwe inateremka kuja kwenye nyumba, na bomba la mfereji wa paa lisimwage maji mguuni mwa ukuta.

Ukishaziba chanzo sasa subiri, na hapa ndo watu wanapokosa uvumilivu. Mafundi tuna hesabu ya kukadiria, mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, yaani ukuta wa milimita 150 unaweza kuchukua kama miezi sita. Muda huo ile chumvi itaendelea kutoka, we ifagie kwa brashi kavu kila inapotokea. Brashi kavu, narudia, usiioshe, manake maji yanaiyeyusha inarudi ndani alafu inatoka tena. Ukuta ukikauka rudishia plasta palipotolewa, uipe muda wake nayo ikauke, ndo upake rangi ya maji. Rangi ya mafuta kwenye ukuta uliowahi kuwa na unyevu mi siipendi kabisa, inafunga uso, kama kuna unyevu umebaki unakosa pa kutokea na unaisukuma ibanduke.

Choo kinachovujisha maji kimyakimya nacho ni hivohivo, mtu ananunua mashine nzima ya tangi wakati kilichochoka ni mpira mmoja. Fungua mfuniko wa tangi, dondoshea rangi ya chakula humo, usiflashi, kaa kama nusu saa hivi. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini unaoziba tundu haukazi, utoe uusafishe na pale unapokalia pasugue chokaa kwanza, ukikuta umekakamaa ndo ubadilishe. Alafu angalia na ule mrija wa kuzuia kufurika, kama maji yanaingia humo kwa juu basi mpira hauhusiki, ni boya halifungi kwa wakati, lishushe mpaka maji yasimame kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa mrija. Ni dalili ileile moja ya maji kutotulia ila vyanzo viwili tofauti kabisa, na jaribio lenyewe linakwambia ununue nini.

Kwenye koki inayodondosha matone acha kuikaza kwa nguvu, unazidi kuumiza mpira na kile kiti chake. Funga valvu kuu, fungua koki maji yaliyobaki yaishe, ziba tundu la sinki na kitambaa skrubu isije ikadumbukia, ndo ufungue. Koki za kuzungusha zina kampira kadogo kwa ndani, kanabadilishwa. Ukibadilisha kampira kakawa kanalika haraka tena, pitisha kidole kwenye kiti ambacho mpira unakalia, ukisikia mikwaruzo hapo ndo chanzo, kiti kinatakiwa kusawazishwa. Zile za mkono mmoja hazina mpira huo, ndani kuna visahani vya kauri, na mchanga kidogo tu ukiingia vinakwaruzika, hizo unabadilisha kile kitu kizima cha ndani. Na tepu ya nyuzi za bomba, nyie mnaoifunga ovyo, shika bomba mdomo wake ukutazame ufunge kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ukifunga kinyume inakunjuka wakati unakaza na patavuja.

Umeme sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri. Breka ikiwa inajikata mara kwa mara kuna watu wanatafuta breka kubwa zaidi, wanatoa ya ampea 20 wanaweka ya ampea 32, na kweli haijikati tena. Sasa jamani breka ipo kwa ajili ya kuulinda waya uliofukiwa ukutani, na waya ule haukuongezeka unene kwa sababu umebadilisha breka, kwa hiyo utapata moto humo ndani ambako huoni na siku ya siku nyumba inaungua. Joto la waya linapanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, ukizidisha mkondo mara mbili joto ni mara nne. Breka ikikata chomoa kila kitu kwenye saketi hiyo, irudishe, chomeka kifaa kimoja kimoja. Ikikata kwenye kifaa fulani umeshampata mhusika, ikikata hata bila kitu chochote shida iko kwenye waya au breka yenyewe, hapo mwite fundi umeme mwenye leseni. Soketi yenye joto ukiigusa, au plastiki imeanza kugeuka kahawia, mara nyingi ni skrubu ya ndani imelegea, acha kuitumia siku hiyohiyo.

We mwenyewe unaweza kubadilisha taa na kufunga shelfu bila shida. Kwenye taa za LED soma lumeni, achana na wati, lumeni 800 ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60 na LED yake inakula kama wati 8 mpaka 10 tu. Kwenye shelfu usitoboe juu, chini wala pembeni ya swichi au soketi kwa mstari ulionyooka, nyaya mara nyingi zinapita huko.

Mwisho nyufa, manake nazo watu wanazijaza pati kila mwaka. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mpya mara nyingi ni plasta imesinyaa ikikauka, jaza, piga msasa, paka rangi. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, au unaopanuka kwa juu, usiujaze kwanza. Chukua penseli, chora mstari mdogo kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe, pale penye upana mkubwa pima uandike milimita, urudie kila mwezi. Ukitulia miezi mingi bila kusogea, nyumba ilishakaa sawa, ujaze kwa amani. Ukivuka alama zako, au umefika milimita 5 na zaidi, au milango imeanza kugoma kufunga, ujue huenda msingi unatembea na hapo mwite injinia wa majengo, umwonyeshe alama na tarehe zako, atajua ufa unakwenda kwa kasi gani bila kuanza upya kusubiri.